Mkono Ulioganda

Kila alasiri, kabla ya kuanza kazi, Mama Pacha alifuata utaratibu uleule. Alivua pete na bangili. Alivaa blauzi nyeusi isiyo na maua. Alitundika shuka la kijivu ukutani, nyuma ya kiti chake. Kisha alisogeza meza ndogo hadi dirishani, kwenye mwanga mzuri, akafungua kompyuta yake mpakato.

Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Daktari alipozungumza hospitalini, mgonjwa kiziwi alitazama kioo cha kompyuta, na humo alimwona Mama Pacha akiyageuza maneno ya daktari kuwa ishara za mikono. Mgonjwa alipojibu kwa mikono, Mama Pacha alimsomea daktari kwa sauti. Hospitali ilikuwa mji mwingine. Mama Pacha alikuwa nyumbani kwake, ghorofa ya kwanza, juu ya saluni.

Nyumba nzima ilizijua sheria za saa ile. Watoto pacha, wasichana wa shule ya msingi, hawakupita nyuma ya kiti. Bibi yao, mama mkwe wa Mama Pacha, hakuwasha redio. Baba Pacha, fundi wa friji, akirudi mapema alipita kwa ncha za vidole kama mwizi.

"Viatu umevua?" Bibi alimwuliza hata hivyo, kwa mnong'ono uliosikika hadi jikoni.

"Nimevua, mama."

"Nimeuliza tu."

Siku za karibuni, hata hivyo, ukimya ule haukuwa wa raha. Picha ilikuwa imeanza kuganda. Mama Pacha akiwa katikati ya maelezo, mara uso wa daktari ulisimama, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Ulikaa hivyo kidogo, halafu ulirudi na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila mara Mama Pacha alitupa jicho kwenye kona ya kioo, palipo na alama ya mtandao. Alama ilikuwa imejaa. Haikupungua hata kidogo.

"Basi si kwetu," alijiambia. "Ni huko kwao."

Akaendelea na kazi. Lakini mguu wake ulikuwa haukai chini. Ulitikisika chini ya meza tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho.

Simu ya mratibu wa hospitali ilikuja siku moja asubuhi, Mama Pacha akiwa anakunja nguo.

"Mama, kuna jambo," mratibu alisema. "Unamkumbuka yule mshonaji kiziwi? Mwenye mtoto anayeumwa ngiri?"

"Namkumbuka vizuri. Mtoto si anapasuliwa leo?"

"Hapasuliwi. Amefika akiwa ameshiba. Amekunywa chai na mkate. Mtu wa dawa ya usingizi amekataa kumgusa."

Nguo ilimponyoka Mama Pacha. "Ameshiba kwa nini? Daktari alisema mtoto asile!"

"Mama yake anasema wewe ulimwambia ale."

"Mimi?"

"Anasema aliuona mkono wako mdomoni. Ulikaa pale muda mrefu, hata akadhani unasisitiza."

Mama Pacha alikaa kitandani, juu ya nguo alizokwisha kukunja. Alikumbuka kila ishara. Mtoto. Kesho. Asubuhi. Kula. Kisha kiganja kilichopunga kukataza. Katika lugha ile ya mikono, kukataza huja mwishoni. Huko hospitalini, picha ilikuwa imegandia kwenye "kula". Iliporudi, daktari alikuwa ameshaingia kwenye habari za nguo na vitanda. Mtu anayesikia, picha ikiganda, aghalabu hubaki na sauti. Mshonaji yule alikuwa amebakiwa na mkono mmoja tu, vidole mdomoni.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza.

"Analia. Ngiri inamuuma. Tumempangia siku nyingine wiki hii hii. Kesho alasiri daktari atazungumza na mama yake tena, upya, toka mwanzo." Kisha aliongeza. "Picha ikikatika tena, daktari amesema atamwandikia kwenye karatasi, yaishe."

"Yule mama hajui kusoma. Hakupelekwa shule hata siku moja."

"Ndiyo maana nimekupigia."

Tangu hapo Mama Pacha hakutulia. Baba Pacha aliporudi kula chakula cha mchana, alimkuta mkewe anazunguka sebuleni amekumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa.

"Hapa imejaa," alisema, akasimama dirishani. "Njoo uone. Hapa imejaa, lakini picha inaganda. Huku kwenye korido haijai, na picha inaganda vilevile!"

"Iweke chini kwanza," Baba Pacha alisema.

"Niiweke wapi? Kila mahali inaganda!"

"Ndiyo hivyo. Umeihangaisha. Mashine haitaki kuhangaishwa. Friji ukilisafirisha, ukalifikisha na kuliwasha papo hapo, linagoma. Lazima lipumzike."

"Hili si friji, mume wangu."

"Lina feni, halina? Linapata joto, halipati? Basi."

Akaizima. Akaiweka juu ya mto, akaufungua mlango wa upande wa upepo. Familia nzima ilikaa kuitazama kompyuta ikipumzika. Bibi alileta kiti chake.

"Tunasubiri nini?" aliuliza.

"Ipoe, mama."

"Ikipoa itasema?"

Pacha walicheka hadi wakaanguka. Mama Pacha hakucheka. Kompyuta ilipowashwa, alimpigia dada yake kwa picha ili kujaribu. Dada yake aliganda akiwa anapiga chafya.

"Mchana wote huu," Mama Pacha alisema, "na kesho ndiyo kesho."

Akaichukua kompyuta, akatoka nayo. Alishuka ngazi hadi chini, akatazama alama. Akapanda hadi ghorofa ya juu, akatazama tena. Alikuwa anashuka mara ya pili, macho kwenye kioo, alipokaribia kumgonga jirani aliyekuwa anapanda na mzigo wa nyaya begani.

"Taratibu, Mama Pacha! Utavunjika wewe, ivunjike na mashine."

Jirani huyo alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo cha ualimu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa maneno. Kwa sababu ya mzigo wake wa kila siku, jengo zima lilimwita Waya, na mwenyewe aliitika.

"Waya, mdogo wangu, nisamehe. Natafuta mtandao."

"Kwenye ngazi? Umeuangusha wapi?"

Mama Pacha alitaka kutabasamu, akashindwa. Machozi yalimjaa. Alieleza yote akiwa amesimama palepale: mkono mdomoni, chai na mkate, mtoto analia, kesho alasiri. Waya aliutua mzigo wake kwenye ngazi.

"Twende kwako," alisema. "Nataka kuona unapokaa."

Mlangoni Waya alivua viatu kabla hajaulizwa, akamwamkia Bibi. Bibi aliitika kwa furaha na kumwangalia mwanawe, kana kwamba anamwambia aone mfano.

Mama Pacha aliiweka kompyuta dirishani, mahali pake pa kazi. Waya aliinama.

"Mtandao wenu unaitwaje?"

"Unaitwaje? Mtandao si mtandao tu?"

"Kila mtandao una jina lake. Ni kama hawa watoto wako. Wanafanana, lakini ukimwita mmoja, haji mwingine."

"Huja wote wawili," Bibi alisema, "hasa kukiwa na kitu cha kula."

Waya alicheka, kisha akaibonyeza alama ya mtandao kwenye kona ya kioo. Orodha ya majina ilifunguka. La juu kabisa lilikuwa na maandishi madogo chini yake: imeunganishwa.

"Nisomee," Waya alisema.

Mama Pacha alisoma polepole. "Saluni Karibu Wote." Akarudia, sauti imepanda. "Saluni? Sisi tunalipia mtandao wetu!"

"Mnalipia wenu, mnatumia wa saluni. Na wenu ni huu hapa chini, wenye herufi na namba zisizo na maana. Jina hili alikuachieni fundi aliyewafungia."

"Nani ameiunganisha na saluni?" Mama Pacha aliwageukia pacha. Pacha wakaonyeshana vidole.

"Usiwatishe bure," Waya alisema. "Wewe mwenyewe hujawahi kwenda nayo saluni?"

Mama Pacha alikiri kwamba alikuwa amekwenda. Siku moja umeme ulikuwa umekatika ghorofani, na saluni walikuwa na jenereta. Alikuwa na kazi ya kumalizia. Msusi mmoja alimwambia abonyeze tu, mtandao wao hauna neno la siri. Palikuwa na kisanduku kidogo kimewekwa alama ya vema, na yeye hakukisoma. Alikuwa na haraka.

"Kisanduku hicho kiliandikwa 'Unganisha kiotomatiki'," Waya alisema. "Maana yake ni kwamba uliiambia kompyuta: popote utakapouona mtandao huu, ingia tu, usiniulize. Nayo ni mtiifu. Kila mtandao wa nyumbani unapolegea, inarukia wa saluni. Haikuambii. Inaona imekusaidia."

"Lakini alama imejaa! Mimi kila siku natazama alama."

"Imejaa kwa sababu saluni iko chini ya dirisha hili hasa. Alama ikijaa inakwambia mawimbi yanakufikia vizuri. Haikwambii mtandao ni wa nani. Wala haikwambii watu wangapi wanautumia. Saluni inajaa saa ngapi?"

"Alasiri," Baba Pacha alijibu kutoka kwenye kochi. "Siwezi kuegesha pikipiki yangu."

"Ndiyo hiyo saa ya kazi ya Mama Pacha. Wateja wamekaa, nywele zinakauka, kila mmoja anatazama video kwenye simu yake. Wote wanavuta mtandao mmoja. Picha yako ipite wapi?"

Mama Pacha alisimama, akatembea hadi mlangoni, akarudi.

"Na siri za wagonjwa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nimeapa kuzitunza. Zimekuwa zikipita saluni?"

"Programu ya hospitali huenda inayafunga mazungumzo yasisomeke njiani. Waulize, wakuhakikishie. Lakini mtandao usio na neno la siri ni mlango usio na komeo. Anaingia mwema, anaingia na mchunguliaji. Usiupitishe humo mzigo wa watu wengine."

"Sitaupitisha tena."

"Vizuri. Sasa swali langu la pili. Kwa nini mtandao wenu unalegea, na nyumba yenyewe ndiyo hii ndogo? Kisanduku chenu cha intaneti, ile ruta, kiko wapi?"

Pacha walimtazama baba yao. Baba Pacha alimtazama mama yake. Bibi alipeleka mkono shingoni, kwenye uzi wa funguo.

"Kiko salama," Bibi alisema.

"Salama wapi, bibi?"

Bibi aliinuka, akaenda mwisho wa korido, akalifungua kabati la vyombo. Lilikuwa kabati la chuma, la kijivu, zito. Ndani, kati ya masufuria yaliyopangwa kwa ukubwa, kisanduku cha intaneti kilikuwa kimekaa juu ya kitambaa cheupe, taa zake zikimeta gizani.

"Kilikuwa sebuleni kinanikonyeza macho siku nzima," Bibi alieleza. "Na vumbi. Na hawa wawili walikuwa wanavuta nyaya. Nikasema kitunzwe."

"Na waya wake umeingiaje humu?"

Baba Pacha alikohoa. "Tundu nilitoboa mimi. Kwa nyuma. Nikaweka na mpira pembeni, chuma kisikate waya." Hata wakati ule, sauti yake ilikuwa na fahari kidogo.

"Kazi safi," Waya alisema. "Sasa, fundi, ingiza kichwa chako kwenye pipa la chuma, ufunike mfuniko, halafu umwite mkeo aliyeko dirishani."

Baba Pacha alifikiri. Kisha alijipiga paji la uso. "Mawimbi hayapiti chuma!"

"Hayapiti vizuri. Yanayotoka humu yanachechemea."

"Maisha yangu yote nafungia baridi kwenye sanduku," Baba Pacha alisema, "leo nimefungia na mtandao."

Mama Pacha hakuwa na nguvu ya kumlaumu mtu. Kabati lile alilipita kila siku. Masufuria aliyatoa humo yeye mwenyewe. Kisanduku alikuwa anakiona, na hakuwahi kukisemea neno.

Walikitoa. Waya alionyesha rafu iliyokuwa juu ya mlango wa sebule, katikati ya nyumba. Palikuwa wazi, mbali na mikono ya watoto, na dirisha lilionekana moja kwa moja. Baba Pacha alipanda kwenye kiti na kuuvuta waya vizuri kando ya ukuta. Bibi alileta kitambaa chake cheupe.

"Basi kifunikwe kidogo."

"Hapana, bibi. Kinapata joto, na matundu yake ndiyo pua zake."

"Kinahitaji kupumua, mama," Baba Pacha alisema akiwa juu ya kiti. "Kama mgongo wa friji. Ukiubana na ukuta unaungua."

"Sawa. Lakini kitambaa nakiweka chini yake. Nyumbani kwangu vitu havikai vitupu."

Kisha ikawa zamu ya kompyuta. Mama Pacha aliisukuma mbele ya Waya. Waya aliirudisha, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Fanya wewe. Kesho alasiri mimi nitakuwa chuoni. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, uitafute orodha ya mitandao inayokumbukwa."

Mama Pacha alibonyeza hatua kwa hatua hadi akaifikia. Majina yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia. Palikuwa na hoteli ya semina ya zamani, stendi, na lile la saluni.

"Uchague wa saluni. Halafu ubonyeze 'Sahau'."

Mama Pacha alibonyeza. Jina lilitoweka.

"Sasa haitarukia huko hata saluni ikiwa jirani?"

"Itauona mtandao, lakini haitaingia mpaka wewe uubonyeze na kukubali. Fanya hivyo hivyo kwa hayo mengine usiyoyahitaji. Kompyuta ya kazi ikumbuke mtandao wa kazi tu. Na simu yako pia, baadaye."

Alipomaliza kusafisha orodha, Waya alimwelekeza kubadilisha jina la mtandao wa nyumbani, ili lisomeke kwa kutupa jicho mara moja tu. Ubishi ulizuka hapo hapo. Pacha wa kwanza alitaka jina la paka. Pacha wa pili alitaka jina lake mwenyewe. Baba Pacha alipendekeza "Baridi Safi".

"Liwe neno ambalo kila mtu wa humu analijua," Waya alisema, "lakini lisitaje jina la mtu wala namba ya nyumba. Wapita njia wote wanalisoma."

"Vua Viatu," Bibi alisema.

Walimgeukia.

"Si mmesema neno ambalo kila mtu wa humu analijua?"

Ikawa hivyo. Neno la siri Mama Pacha alilitunga peke yake, refu, lisilo na tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote, wengine wakiwa wamegeukia ukuta. Aliliandika kwenye kompyuta, akauchagua mtandao mpya, na safari hii akasoma kabla ya kuweka alama ya vema: Unganisha kiotomatiki.

"Hapa sawa?" aliuliza.

"Hapa ndipo pake. Huu ndio uingie bila kukuuliza. Na kabla ya kila kazi, usitazame alama peke yake. Soma jina."

Walijaribu. Waya alipanda kwake, akampigia kwa picha, akazungumza naye kwa kirefu. Picha haikukatika. Mama Pacha alijaribu tena na dada yake. Akajaribu tena baada ya chakula. Dada yake akamwambia kwamba amechoka kutazamwa.

Kesho yake, alasiri, saluni ilikuwa imejaa. Sauti za vikaushio na vicheko zilipanda hadi dirishani. Mama Pacha alivua pete na bangili mapema kuliko kawaida. Alitundika shuka, akalitundua, akalitundika tena lisiwe na mkunjo. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kutikisika.

Alifungua kompyuta na kutazama kona ya kioo.

Hapakuwa na jina. Palikuwa na maneno mawili tu: Hakuna mtandao.

"Nani amegusa?" alipiga kelele. "Nani amegusa kitu?"

Pacha walitoka chumbani mbio. Bibi alitoka koridoni, kitambaa cha vumbi mkononi.

"Mimi nimepangusa tu. Kilikuwa na vumbi. Nikauchomoa ule waya ili nipanguse na nyuma."

"Mama! Saa ya kazi hii!"

"Sasa napandaje tena kule juu, na kiti ameondoka nacho nani?"

Kiti kililetwa. Pacha wa kwanza alikishika, Mama Pacha akapanda mwenyewe na blauzi yake nyeusi. Aliurudisha waya. Taa ya kwanza iliwaka. Ya pili ilikonyeza, ikazima, ikakonyeza tena. Mama Pacha alitaka kukipiga kisanduku kofi.

"Kinajitafuta," pacha wa pili alisema. "Waya alisema kinaanza pole pole."

Akiwa bado juu ya kiti, wazo lilimjia Mama Pacha. Wiki iliyopita, jambo hili lingetokea na yeye asingejua. Kompyuta ingerukia saluni kimya kimya, na alama ingejaa, na yeye angeanza kazi. Leo ilikuwa imemwambia ukweli mapema. Mama Pacha alishuka. Kwenye kompyuta, bila yeye kubonyeza chochote, jina lilikuwa limejitokeza: Vua Viatu. Imeunganishwa.

Alikaa kwenye kiti. Simu ya hospitali iliingia.

Mshonaji alikuwa amekaa wima, mtoto wake mapajani. Macho yake hayakuwa ya kirafiki. Aliitazama mikono ya Mama Pacha kama mtu anayetazama mbwa aliyekwisha kumuuma. Kabla daktari hajaanza, Mama Pacha alimwomba nafasi. Kisha alimwambia mshonaji kwa mikono yake: siku ile picha yangu ilikatika. Ulichoona kilikuwa nusu. Kosa halikuwa lako. Nimerekebisha. Leo picha ikisimama, hata kidogo, inua mkono, nami nitarudia.

Mshonaji alitikisa kichwa kukubali.

Daktari alieleza upya, hatua kwa hatua. Mama Pacha alitafsiri. Mtoto. Kesho. Asubuhi. Kula. Aliuona mkono wake mwenyewe mdomoni, kwenye kipicha kidogo cha pembeni. Kisha kiganja chake kilishuka na kupunga: hapana. Alikipunga mara ya pili. Picha iliendelea kwenda. Vikaushio vya saluni vilivuma chini, na picha ilikwenda.

"Daktari," alisema, "naomba mama aturudishie alichoelewa, kwa mikono yake mwenyewe."

"Wazo zuri," daktari alisema.

Mshonaji alimweka mtoto kando. Kwa vidole vyenye alama za sindano alisema yote: kesho asubuhi, mtoto asile. Mkate hapana. Chai hapana. Maziwa hapana. Akila, hapasuliwi. Jikoni nitafunga kwa ufunguo.

Mama Pacha aliyasoma kwa sauti, na hadi alipofika kwenye ufunguo, daktari alikuwa anacheka. Mshonaji alipoona daktari anacheka, naye akatabasamu.

Siku ya upasuaji Mama Pacha alifunga na kufungua dirisha asubuhi nzima. Alipika, akasahau chumvi. Pacha walimwambia. Aliweka chumvi mara mbili. Baba Pacha alikula bila kusema neno. Bibi alipotoka na kitambaa cha vumbi, watoto wote wawili walisimama mbele ya rafu kama walinzi, wakapanua mikono.

"Leo nafuta meza tu," Bibi alisema. "Kwani nimekuwa adui?"

Simu iliingia alasiri. Mama Pacha alisoma jina kwenye kona, Vua Viatu, ndipo akapokea. Wodini, daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda. Mtoto alikuwa amelala ubavu, macho mekundu ya usingizi, akinung'unika. Mshonaji alikuwa amemshika mguu.

"Imekwenda vizuri kabisa," daktari alisema. "Mwambie mama. Na mwambie sasa mtoto anaweza kula. Kidogo kidogo, vyepesi."

Mama Pacha alitafsiri. Upasuaji umekwisha. Vizuri. Mtoto, sasa, kula. Ndiyo.

Mshonaji alirudia ili ahakikishe. Mtoto. Sasa. Kula. Alipeleka vidole mdomoni, na mkono ukabaki hapohapo. Haukushuka. Haukutikisika. Uso wake ulisimama pamoja nao.

Macho ya Mama Pacha yalikimbilia kona ya kioo. Vua Viatu. Alitazama rafu juu ya mlango. Taa zote zilikuwa zimewaka. Alirudisha macho kwenye picha, na hapo akaona kwamba shuka la kitanda nyuma ya mshonaji lilikuwa linapepea kwa upepo wa feni, na kwamba mtoto alikuwa amegeuza kichwa. Picha ilikuwa nzima. Aliyeganda alikuwa mama. Vidole vyake vilikuwa mdomoni, na machozi yalikuwa yanashuka juu yake, moja baada ya jingine, bila kukatika.

Mama Pacha alisubiri. Chini ya meza, mguu wake ulikuwa umetulia.

Hatimaye mkono ule ulishuka. Kula, mshonaji alisema. Ndiyo. Kisha akageuka kumtafutia mwanawe kijiko.